Tezi ya shingo ikilegea: mwani, habasoda na chumvi, kipi kinasaidia kweli?

Makunduchi, mwezi wa Januari. Kaskazi inavuma, jua linachoma, kila mtu anatafuta kivuli. Shangazi yangu amekaa barazani kajitanda kanga mbili na anasema anasikia baridi.

Tulimcheka. Sasa hivi najuta kidogo.

Shangazi ni mkulima wa mwani. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika amechoka, na jibu lilikuwa lile lile: "Ni mwani huo." Nani asiyechoka na mwani? Unayafuata maji yakipwa, unainama kwenye kamba na pegi saa nzima nzima, halafu unabeba kiroba kilicholowa mpaka juu. Kwa hiyo uchovu wake haukumshtua mtu. Nywele zikaanza kunyonyoka, ikasemwa ni misuko. Sauti ikawa nzito, ikasemwa mafua. Akanenepa na huku hali sana, ikasemwa utu uzima.

Alipimwa malaria, akapimwa damu, akapimwa sukari. Safi. Wapo pia waliosema kachezewa. Ilipita karibu miaka miwili mpaka daktari mmoja alipomtazama vizuri usoni, akamgusa shingo, akaandika kipimo cha herufi tatu: TSH.

Jibu likarudi: tezi yake ya shingo haifanyi kazi inavyotakiwa.

Kwanza, hii sio tezi dume

Nikisema shangazi ana tatizo la tezi, watu wananishangaa. Wengi tunaijua tezi moja tu, ile ya wanaume. Mwili una tezi nyingi. Hii tunayoizungumzia inaitwa thairoidi. Ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kongoromeo, na ina umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa. Wanaume wanayo, wanawake wanayo, watoto wanayo.

Kazi yake ni kutengeneza homoni ambazo zinauambia mwili uende kwa kasi gani. Moyo upige vipi, chakula kisagwe vipi, joto la mwili liwe kiasi gani, hata ubongo ufikiri kwa wepesi gani. Homoni kubwa ni mbili, T4 na T3. Hizo namba sio mapambo: T4 ina chembe nne za madini joto ndani yake, T3 ina tatu. Yaani bila madini joto hakuna homoni. Shika hapo, tutarudi.

Tezi ikizidisha homoni, mwili unakwenda mbio: moyo unadunda, unakonda, unatetemeka. Ikipunguza, kila kitu kinakwenda polepole. Hilo la pili ndilo la leo, na kitaalamu linaitwa haipothairoidi.

Dalili ambazo kila mmoja ana maelezo yake

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba hauji kwa kishindo. Unaingia pole pole, miezi na miaka, na kila dalili ina kisingizio chake. Uchovu usioisha hata ukilala. Kusikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho. Uzito kuongezeka kidogo. Choo kigumu. Ngozi kavu, nywele kukatika, uso kuvimba asubuhi hasa kwenye macho. Sauti ya kukwaruza. Kusahau sahau. Huzuni isiyo na sababu. Moyo kupiga taratibu.

Kwa wanawake inaongezeka hedhi nzito au isiyoeleweka, kuchelewa kushika mimba, na mimba kutoka. Na wanawake ndio wanaopata zaidi, mara kadhaa kuliko wanaume.

Dalili moja peke yake haina maana kubwa. Sote tunachoka. Lakini ukijikuta na tatu au nne kwa pamoja, na zimekaa miezi, usiendelee kujitafutia maelezo. Omba kipimo.

Vipi kuhusu uvimbe shingoni, yaani goita au rovu? Unaweza kuwepo, unaweza usiwepo. Kuna mtu ana goita na homoni zake ziko sawa kabisa, na kuna mtu shingo yake nyembamba na tezi imelala. Kioo hakitoshi. Damu ndiyo inasema.

Kisiwani, halafu tukose madini joto?

Hapa ndipo stori inaponoga, na ndiyo sababu nimeandika.

Duniani kote sababu ya zamani na kubwa ya tezi kulegea ni kukosa madini joto kwenye chakula. Siku zote tumeambiwa ni ugonjwa wa watu wa milimani. Tanzania Bara ulijulikana zaidi nyanda za juu kusini, kama Iringa na Mbeya, ambako mvua za miaka mingi zimeosha madini kwenye udongo. Mashariki ya Kongo, kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu kilikuwa maarufu kwa watafiti kwa sababu ya wingi wa goita. Lakini Idjwi imezungukwa na maji ya ziwa. Sisi tumezungukwa na bahari, na bahari ina madini joto. Kwa hiyo sisi salama, au sivyo?

Sivyo. Mwaka 2001 watafiti walipima watoto wa skuli Unguja na Pemba. Unguja karibu mtoto mmoja kati ya watano alikutwa na goita. Pemba karibu mmoja kati ya watatu. Walipoangalia chumvi majumbani, Unguja zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na chumvi iliyotiwa madini joto, Pemba ilikuwa karibu hakuna. Huo ni utafiti wa zaidi ya miaka 20 iliyopita na usiuchukue kama picha ya leo. Ila ulivunja imani moja kubwa: kukaa pwani peke yake hakukulindi.

Kwa nini? Tupige hesabu ndogo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban mikrogramu 60 za madini joto na gramu 35 hivi za chumvi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Hata kama madini yote yangebaki kwenye chumvi baada ya maji kukauka (na hayabaki yote), ungelazimika kula zaidi ya gramu 80 za chumvi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka tusizidishe gramu 5. Kwa hiyo ile chumvi ya mashimoni, nyeupe, nzuri, "ya asili", ni chumvi tu. Madini joto lazima yatiwe kiwandani au pale pale inapozalishwa.

Na samaki je? Samaki wa baharini wana madini joto, ndiyo, lakini kiasi kinatofautiana sana kwa aina ya samaki, na kinategemea unakula kipande gani. Tuwe wakweli. Nyumba ngapi zinagawana changu mmoja watu wanane? Samaki wazuri wanapanda gari kwenda hotelini, nyumbani unabaki mchuzi.

Halafu kuna mhogo. Mhogo una kemikali ambazo mwilini zinageuka kuwa kitu kinachozuia tezi isiyavute madini joto. Watafiti waliofanya kazi Kongo ndio walioonyesha hili vizuri: palipo na uhaba wa madini joto na watu wanakula mhogo mwingi usioandaliwa vizuri, goita inazidi. Tafadhali usikimbie ukatupa mhogo wa nazi. Ukiwa unapata madini joto ya kutosha, na mhogo umemenywa na kupikwa ukaiva, hauna tatizo. Kabichi nayo inasingiziwa hivyo hivyo, na jibu ni hilo hilo.

Lakini sio kila tezi iliyolegea imekosa madini joto

Hili watu wengi hawalijui na linaleta makosa mabaya. Palipo na madini joto ya kutosha, sababu kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe. Ugonjwa huo umepewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Wengine wanaupata baada ya kufanyiwa upasuaji wa goita, wengine kwa sababu ya dawa fulani za moyo au za akili, wengine miezi michache baada ya kujifungua na kwa baadhi yao inapita yenyewe.

Sasa fikiria. Mtu ana Hashimoto, anaambiwa na jirani "wewe umepungukiwa madini joto", anaanza kunywa mwani kila siku. Anaweza kujiumiza. Tezi ikimwagiwa madini joto mengi kwa ghafla inaweza kufunga mlango na kuacha kutengeneza homoni. Tezi nzima hufungua tena baada ya siku chache. Tezi iliyoumia inaweza isifungue.

Mwani: dawa au mtego?

Mwani wetu ulianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na kwa miaka mingi ulikuwa ni wa kuanika, kufunga na kuuza nje. Kuula hatukuzoea. Sasa mambo yamebadilika. Kuna sabuni za mwani, kuna juisi, kuna achari, na mitandaoni kuna jeli ya mwani inayouzwa na ahadi kwamba "inatibu tezi". Ukifungua simu unaikuta, kibwebwe cha maneno na nyota tano.

Ukweli ni kwamba mwani una madini joto. Tatizo ni kiasi. Kinabadilika kwa aina, kwa mahali, kwa msimu, kwa namna ulivyokaushwa. Mwani wa kahawia, kama ule mkubwa unaoliwa Japani, unaweza kuwa na madini joto mara nyingi zaidi ya mwekundu tunaolima sisi. Kwa hiyo kijiko kimoja cha jeli kinaweza kuwa na kidogo sana au kikapita unachohitaji kwa siku kadhaa, na chupa haikuambii.

Nimetaja Japani kwa makusudi. Kwenye pwani za Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa nchi hiyo, madaktari waliandika katika miaka ya 1960 kuhusu goita za watu waliokuwa wanakula mwani mwingi mno kila siku. Kisiwa, wavuvi, mwani, na goita. Ya kukosa na ya kuzidisha, zote zinafika shingoni.

Kula achari ya mwani mara moja moja na chakula, sawa. Kunywa kikombe kila asubuhi kama dawa ya tezi bila kupimwa, mimi nisingethubutu. Vidonge vya mwani mkavu vya kuagiza mtandaoni, na matone ya madini joto ya kunywa, achana navyo kabisa mpaka daktari aseme.

Habasoda, mlonge na wenzao

Habasoda ina heshima yake kwetu, na kwa bahati nzuri imepimwa kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 wa Hashimoto. Nusu walipewa unga wa habasoda gramu 2 kwa siku kwa wiki 8. Kundi la habasoda TSH yake ilishuka na uzito ulipungua. Inatia moyo. Lakini ni watu 40, wiki 8, na sio mbadala wa dawa. Ukipenda kuitumia pamoja na dawa, mwambie daktari, kwa sababu inaweza kushusha sukari na presha pia.

Mlonge ni mti wa maana kwa lishe. Lakini kwa tezi iliyolegea, ushahidi uliopo unaleta wasiwasi: mwaka 2000 watafiti wa India waliwapa panya dondoo la majani ya mlonge, na kwa panya jike homoni ya T3 ilishuka. Panya sio binadamu, na mchicha wa mlonge mezani sio dondoo. Ila anayekuuzia unga wa mlonge kwa ajili ya "kuamsha tezi", muulize kaipata wapi hiyo.

Asali, tangawizi, mdalasini: furahia chai yako. Haviamshi tezi.

Na kama nywele zinakatika na umenunua vidonge vya biotini vya nywele na kucha, soma hapa mara mbili. Biotini nyingi inaweza kuvuruga kipimo cha damu cha tezi, majibu yakaonekana tofauti na hali halisi. Mwambie mtu wa maabara, na kwa kawaida unaacha siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu.

Kwa hiyo cha asili kinachosaidia kweli ni kipi? Ni vitu vya kawaida mno. Chumvi yenye madini joto, na soma paketi kabla hujalipa. Usiiache wazi jikoni kwa sababu unyevu, jua na joto vinayapunguza madini. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, na itie chakula kikikaribia kuiva. Samaki, dagaa, mayai, maziwa kadiri unavyoweza. Dagaa na mayai yana pia seleniamu, madini mengine ambayo tezi inayahitaji. Usingizi wa kutosha na kutembea, ambavyo haviponyi tezi ila vinapunguza ule uzito wa mwili na wa moyo. Na usiongeze chumvi eti kwa sababu ina madini joto: kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima kinatosha.

Dawa yenyewe, na hapa kuna kisa

Watu wanasema hawataki dawa za kizungu wanataka za asili. Basi sikiliza. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, Uingereza, George Murray, alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo. Mama alikuwa amevimba uso na mwili umepoa. Akapata nafuu. Akaendelea na dawa ya kondoo na akaishi miaka 28 zaidi. Hiyo ilikuwa ni ya asili kuliko zote. Shida yake ilikuwa kondoo huyu ana homoni nyingi na yule kidogo.

Dawa ya leo, levothairoksini, ni ile ile T4 ambayo tezi yako ingeitengeneza, ila imepimwa kwa usahihi. Haimfanyi mtu kuwa tegemezi wa kitu kigeni. Inajaza pengo. Na kwa wengi ni ya maisha, hilo tusifichane.

Ina masharti, na wengi wanaosema "nimekunywa haisaidii" wamevunja sharti. Inanywewa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Kahawa inaipunguza nguvu. Vidonge vya kuongeza damu, kalisi na dawa za kiungulia zikae mbali nayo saa 4. Na isikae dirishani kwenye jua. Joto na unyevu vinaiharibu, iache kwenye paketi yake, pahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba.

Ramadhani? Swali hili naulizwa kila mwaka. Kufunga inawezekana kwa wengi. Njia zinazotumika ni mbili: kuinywa usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho, au kuamka mapema kidogo, kuinywa, kisha kusubiri nusu saa kabla ya daku. Zungumza na daktari wiki chache kabla mwezi haujaandama, sio siku ya kwanza ya kufunga.

Dawa ikianza au ikibadilishwa kiwango, kipimo kinarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo damu haijatulia. Usiongeze mwenyewe ukitaka kupungua uzito. Homoni ikizidi inagonga moyo na inakula mifupa.

Kipimo kinasomwaje

TSH inatoka kwenye ubongo, ni kama mtu anayegonga mlango wa tezi. Tezi ikilala, anagonga kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana TSH ikiwa juu, tezi iko chini. Watu wengi wanasoma kinyume. Maabara nyingi zinaweka kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Ikiwa juu, T4 nayo inapimwa. TSH imepanda kidogo na T4 iko sawa, sio kila mtu anaanzishwa dawa. Wengine wanasubiri na kurudia.

Ukiwa Makunduchi anza na hospitali ya hapo hapo. Kama kipimo hakipo siku hiyo, uliza sampuli inapelekwa wapi kabla hujapanda gari kwenda mjini Mnazi Mmoja.

Mama mjamzito asisubiri

Katika miezi ya mwanzo mtoto tumboni anategemea homoni ya mama kujenga ubongo wake. Mahitaji ya madini joto yanapanda hadi mikrogramu 250 kwa siku. Kama tayari unakunywa levothairoksini na hedhi imepita siku zake, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Mara nyingi kiwango kinatakiwa kuongezwa. Usiache dawa ukidhani unamlinda mtoto. Ni kinyume.

Mtoto mchanga anayelala kupita kiasi, hanyonyi vizuri, manjano haiishi, ulimi mkubwa, choo hakitoki: mpeleke apimwe tezi. Akianza dawa ndani ya wiki za mwanzo anakua kama wenzake. Akichelewa, kilichopotea kwenye ubongo hakirudi.

Na mgonjwa wa tezi aliyeacha dawa, akikutwa mwili umepoa sana, anasinzia haamki vizuri, anachanganya maneno, hiyo ni dharura. Hospitali, muda huo huo, hata kama ni usiku.

Shangazi sasa ana kengele kwenye simu, saa 11 alfajiri. Anameza kidonge chake, anaswali, anakaa kusubiri nusu saa kabla ya chai, na anasema hiyo nusu saa ndiyo ndefu kuliko zote. Mwani analima bado. Kipimo chake kinachofuata ni baada ya Mwaka Kogwa.